Bizari Mtini

Tangu Idi iliyopita
kimenasa tawini kile kipande cha nailoni,
mkabala na dirisha langu la jikoni, ghorofa ya tatu, Dundee.
Upepo wa mto Tay umekipepea,
theluji imekilaza, mvua imekiosha,
mti wenyewe umevua majani ukabaki mifupa,
chenyewe kingali kinang'aa.

Nakijua. Nakijua kwa doa la bizari.
Ni mimi niliyekichana kwenye roli lake
nikafunika sinia la pilau, nikaenda kulala,
asubuhi nikakifinya kama ngumi, nikatupa.
Shakwe wakapasua mfuko kabla ya gari la taka,
upepo ukamalizia.
Kilinifaa saa nane,
nazo zote nilikuwa usingizini.

Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite.
Nimefunika, wahenga.
Hakupita. Kapanda mtini,
ananichungulia nikiosha vyombo.

Kwetu palikuwa na kawa la ukili,
na sahani iliyogeuzwa juu ya sahani.
Hatukuita hifadhi ya mazingira.
Tuliita kufunika.

Bi Elspeth wa chini, ambaye kaka yake hufuga nyuki Forfar,
alinipa kipande cha nta, kizito kama sabuni ya mche.
Akasema: tafuta pamba tupu, isiyochanganywa.
Pamba tupu niliyoiona
ilikuwa shati la drafti la Makame.

Jaribio la kwanza, nta ikamwagika kwenye pasi,
king'ora cha moshi kikalia jengo zima likasikia.
Makame akatoka bafuni na taulo:
"Nyumba inaungua?"
"Hapana. Ni shati lako."

La pili, oveni ya moto mdogo,
nta niliikwaruza kwa kikwaruzo cha karoti,
ikayeyuka, nyuzi zikainywa,
na jikoni kukanukia asali
Februari, madirisha yamefumba kwa barafu.

Kitambaa hiki hakina papara.
Kikiwa baridi kimekakamaa kama mgeni mlangoni.
Lazima ukumbatie bakuli kwa viganja viwili,
utulie, ukipe joto lako,
ndipo kinakubali umbo.
Roli halikuwahi kuniomba kitu.

Sitadanganya. Nyama mbichi hakiifai,
chungu cha moto kinakiyeyusha,
kukiosha ni kwa maji baridi, na mkono mwepesi.
Mchuzi naufunika kwa sahani, kama zamani,
maharage yanalala kwenye chupa za jemu.
Na foili bado imo kwenye droo;
naikunjua, naifuta, naikunja tena
mpaka itoboke.

Haidari alikwenda shule
na mkate wake ndani ya mkono wa shati.
Mwenzake akamuuliza: baba yako yuko wapi?
Akajibu, mdomo umejaa:
"Kazini. Bila mkono mmoja."

Kile chenye mfuko wa kifuani nilikiacha na mfuko wake.
Ndicho kinachofunika bakuli la kunde.
Makame akirudi zamu ya usiku,
kabla hata ya kuvua koti,
huchomeka humo vidole viwili, kwa mazoea,
akitafuta kalamu.

Niliazima ngazi ya Elspeth. Haikufika.
Niliazima na ufagio, nikaufunga kwenye ngazi;
mzee mmoja na mbwa wake wakasimama kuniangalia,
nikashuka.

Sasa ni Aprili, mti unachipua.
Wiki mbili tu, majani yatakifunika,
na wapita njia watasema umependeza.
Mimi nimeshahesabu.
Tawi la nne kutoka juu.